Damu Imetulia, Vali Je?

Hakuna pampu iliyowahi kumdanganya Fundi Pampu. Akiweka sikio kwenye bomba, watu walisema, husikia hata samaki wakisengenyana mtoni. Lakini moyo wa bintiye, Chiriku, ulimshinda.

Chiriku aliumwa koo, wakapuuza. Baadaye magoti yakavimba. Kisha akawa anahema kwa kufagia tu. Hospitali wakasema ni homa ya baridi yabisi, nayo imeshaumiza vali ya moyo, kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma. Akaanzishiwa sindano ya kila mwezi. Mara kwa mara alitolewa damu, ionekane kama uvimbe wa ndani bado unaendelea.

Siku moja majibu ya damu yakaja mazuri. Uvimbe umeshuka. Fundi akarudi kifua mbele, akatangaza kwamba sindano basi. Chiriku alimuunga mkono kabla hajamaliza kusema. Mama yake hakuridhika. Akaenda kwa jirani yao, muuguzi.

Muuguzi alimkuta fundi karakanani, anafungua pampu iliyomeza mchanga. Akavuta ndoo, akaketi.

“Shemeji, nasikia siku hizi wewe ndiye daktari.”

“Damu imesema yenyewe, shemeji. Mtoto amepona.”

“Damu imesema uvimbe umetulia. Haikusema vali imepona. Hebu niambie, ukishatoa huo mchanga, vali iliyolika inarudi kuwa mpya?”

“Itoke wapi? Kilicholika kimelika.”

“Sasa unafanyaje?”

“Naweka chujio, mchanga usiingie tena.”

Spana ikasimama mkononi.

Muuguzi akamweleza polepole. Vijidudu vya koo vikirudi, uvimbe unaweza kuwaka upya, na kila ukiwaka vali huzidi kuharibika. Sindano ndiyo inayovizuia. Siku ya kuiacha huipanga daktari.

Fundi akaweka spana chini.

“Kumbe nilitaka kung'oa chujio kwa sababu maji ni safi,” akasema.

Kesho yake baba, mama na mtoto walikwenda hospitali wote watatu. Chiriku alinuna njia nzima. Sindano ilipoingia, aliyefumba macho ni baba.

Mwaka ukapita bila kukosa sindano. Siku hizi mtu akiumwa koo nyumbani kwao, anapelekwa zahanati. Picha ya moyo ilipopigwa tena, daktari alisema vali iko vilevile, haijaharibika zaidi.

“Hiyo ni habari nzuri?” fundi akauliza.

“Nzuri sana.”

Fundi akageuka amwambie mwanawe. Chiriku alikuwa ameshatangulia chumba cha sindano.