Tangazo la Tatu

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Asubuhi hiyo Arusha ilikuwa na baridi na manyunyu, na Mlima Meru ulijifunika ukungu hadi miguuni.

Katika soko la Kilombero, Lucky aliteleza kwenye tope na viatu vyake vyeupe, akadaka mkono wa mtu aliyebeba mkungu wa ndizi.

"Pole, dada," alisema yule mtu. Kisha akamtazama vizuri usoni. Mtu huyo alikuwa Yona.

"Koti zuri," akasema Yona. "Huko Ulaya ndizi hamna?"

"Zipo. Hazina ladha."

Miaka sita iliyopita ndoa yao ilitangazwa kanisani Nkoaranga Jumapili mbili kati ya tatu zinazotakiwa kabla ya harusi. Kabla ya tangazo la tatu, Lucky aliitwa Vienna kusomea uimbaji wa opera, akaondoka bila kuaga. Jumapili ya tatu majina yao yaliposomwa, Yona alisimama peke yake. Tangu hapo Lucky ameimba Lyon na Berlin, na watu wamesimama kumpigia makofi. Kila waliposimama, alimwona Yona akilini, amesimama peke yake kanisani.

"Nilikupigia simu," alisema Lucky. "Akapokea mwanamke. Nikajua umeoa."

"Esther huyo, dada yangu! Ulimkatia hata salamu hujamaliza."

Muuza ndizi mmoja wa karibu akadakia, "Wewe dada, chukua ndizi au chukua mwanaume, unaziba njia!"

Watu wakacheka. Lucky akashika mkono wa Yona. "Nisamehe, mpenzi."

Yona aliutoa mkono wake taratibu. "Uliniacha mbele ya kanisa, Lucky. Msamaha wa sokoni siuwezi."

Jioni Lucky alipiga magoti kusali. Hakuomba sauti, aliomba ujasiri. Kisha akapiga simu Vienna. Mazoezi ya opera yalikuwa yanaanza wiki iliyofuata. Asipofika, nafasi yake angepewa mwimbaji mwingine.

"Mpeni," alisema, akalia.

Kesho yake, baada ya matangazo, alisimama kanisani akiwa na kitenge cha bluu cha mama yake.

"Bwana asifiwe. Mimi ndiye niliyekimbia tangazo langu. Nimemkosea Mungu, nimemkosea Yona, nimewakosea ninyi. Yona, kama bado unanitaka, naomba tutangazwe upya."

Yona akainuka katikati ya kwaya.

"Na Jumapili ya tatu, Lucky, utakuwa wapi?"

"Hapa," alisema Lucky. "Ya kwanza, ya pili na ya tatu, nitasimama hapa kando yako. Naahidi mbele ya hawa wote."

Yona akatoka kwenye kwaya, akaja kusimama kando yake.