Mshambuliaji Aliyezikwa Bila Mkaa

Jioni ile Nyiramana alikuwa anamrudisha ndama zizini. Kazi ya kila siku, wala haikuwa na ajabu. Ukungu ulikuwa umeshashuka juu ya Bihambwe, na ndama alikuwa mkaidi, anavuta kamba kama mtoto asiyetaka kuoga. Nyiramana akasikia mtu anakohoa njiani, akajua ni Kabera. Kilima kizima hakikuwa na mwingine mwenye kikohozi kile.

Kabera alikuwa mchukuzi. Alipeleka maharagwe Walikale kwa mgongo wake, akarudi na mafuta ya mawese. Safari hii alikuwa amekaa huko miezi minane, mpaka mke wake alianza kusemwa kisimani.

"Mama, habari za siku mingi. Nikikupa habari muzuri, utanipa pombe?"

"Sema kwanza. Pombe iko."

"Mutoto yako iko nacheza, Mama. Jumapili, siku ya Mungu ile imepita, alitia tatu yeye peke yake. Hata bazungu balisimama."

Kamba ikamlegea mkononi.

"Mutoto gani?"

"Uko na mwingine wa mupira? Evode."

Kaburi la Evode lilikuwa nyuma ya migomba, hatua thelathini kutoka pale waliposimama. Lilikuwa na miezi mitano.

Mwingine angepiga kelele. Mwingine angekimbilia kwa padri. Nyiramana alimwangalia tu yule mtu mwenye vumbi la safari usoni, akaona wazi kwamba hajapata habari za msiba. Akanong'ona:

"Amekonda?"

"Kidogo. Na anachechemea. Muguu ya kushoto."

Akampa pombe. Alimpa mtungi mzima.

Sasa ni lazima mjue Evode alikuwa nani, maana siku hizi kila kijana anayepiga chenga mbili anajiita mchezaji. Evode alianza na mpira wa makoa ya migomba, yale maganda ya shina, uliofungwa kwa kamba, miguu mitupu, kwenye malisho yenye mteremko mkali. Ukikosa goli unaufuata mpira mpaka bondeni. Labda ndiyo sababu hakupenda kukosa. Mwaka 1951, Evode akiwa na miaka kumi na tisa, msimamizi mmoja wa mgodi wa huko Walikale alimwona akicheza misheni, akamchukua. Kwenye karatasi ya kazi waliandika "mchimbaji," lakini hakushika sururu hata siku moja. Mshahara wake ulikuwa wa mabao. Msimu wa kwanza alifunga thelathini na moja. Makipa walisema shuti lake la kushoto unalisikia kabla ya kuliona.

Kisha Bukavu wakamtaka. Timu kubwa, uwanja wenye ukuta, watu wanaolipa kuingia. Akakubali, aanze mwezi wa nane mwaka 1955. Lakini mechi yake ya mwisho mgodini alivaa viatu alivyopewa na yule msimamizi, viatu vya zamani, meno ya soli yamepigiliwa kwa misumari. Msumari mmoja ukatokeza ndani. Akacheza hivyo hivyo mpaka mwisho, akafunga mawili, akavua kiatu na kumwaga damu majanini huku anacheka. Alikuja Bihambwe kumuaga mama yake. Siku ya sita taya likakaza. Siku ya tisa akafa, mgongo umepinda kama upinde. Barua ya Bukavu ilifika kesho yake, ikisema wanamsubiri.

Mila ya pale ni hii. Kijana akifa bila mtoto, anawekwa mkononi kipande cha mkaa uliozimika, na mama yake anamwambia maneno ya kumkana, ili asirudi kudai alichokosa. Padri hapendi, kwa hiyo mkaa unafichwa chini ya rozari, kila mtu anatazama pembeni. Nzabandora, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyemletea Nyiramana mkaa wakati anamwosha maiti.

"Muwekee, shemeji. Halafu useme yale maneno."

Alipobaki peke yake, aliupaka mwili siagi kama alivyompaka alipokuwa kichanga. Maneno hayakutoka. Utamkanaje mtoto ambaye bado unajua uzito wake mgongoni? Akautupa mkaa motoni. Mkononi mwa Evode akaweka koa la mgomba, jembamba, lile la kufungia mpira, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza alichokipenda duniani. Akavifunga vile vidole. Akawaambia watu amemaliza.

Lilikuwa kosa la mapenzi. Na kosa la mapenzi ndilo baya zaidi, maana mkosaji hajuti.

Nyiramana hakujuta. Wiki mbili baada ya maneno ya Kabera alijaza kibuyu maziwa ya mgando, akafunga safari. Siku tatu kwa miguu, kisha kamiyo, lori la mgodi, juu ya magunia, msitu umefunika barabara kila upande. Wenzake garini walimwona akitabasamu peke yake. Alikuwa anakwenda kumwona mwanawe. Hilo tu ndilo alilolijua.

Huko Walikale alifikia kwa mwanamke anayeitwa Colette, mjane, karibu na uwanja. Mlangoni tu akasita.

Ndani kulikuwa na sauti...

Pumzi. Pumzi inayopita kwenye meno yaliyofungwa.

"Ni mutoto wangu, Émile," Colette akasema. "Njo gardien, kipa wa ekipe ya ngambo ya mutoni. Siku ya Mungu alikamata mupira ya ule mushambuliaji wa mugodi. Alikamata na mikono mbili, muzuri kabisa. Alirudia hapa anasema mikono ni baridi. Kesho yake kinywa ikafungana."

"Infirmier wa hospitali anasema nini?"

"Anapiga sindano. Lakini Émile haiko na kidonda, Mama. Nilimutafuta kidonda mwili yote. Na haiko wa kwanza. Pierre alikamata mupira ya ule muntu, akakufa. Léonard naye."

Nyiramana akasogea kitandani. Kijana alikuwa na miaka ishirini hivi. Shingo imekaza, midomo imevutwa pembeni kama anayecheka. Alikijua kicheko kile. Alikuwa amekifuta jasho usoni pa Evode siku tatu, mchana na usiku.

Akaketi chini. Kibuyu cha maziwa alikuwa bado amekikumbatia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ni tope tupu, watu wamejaa mpaka kwenye vichuguu. Wachezaji wa mgodi wakaingia kumi. Kisha wa kumi na moja akatoka upande wa msitu, peke yake, anachechemea.

Mwanawe.

Moyo wake, msimlaumu, ulifurahi. Alikuwa na mabega yale yale. Alikuwa anavuta sikio kabla ya kupiga mpira, kama zamani. Dakika ya kumi akafunga. Watu wakapiga yowe, lakini hakuna mwenzake aliyemkimbilia. Hakuna aliyemgusa. Na yeye hakushangilia. Aligeuka akamwangalia mwamuzi, kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja kuambiwa jambo.

Ndipo Nyiramana alipoona miguu. Wenzake wote walikuwa na tope mpaka magotini.

Yake ilikuwa safi.

Kipa wa siku hiyo hakujaribu hata kudaka. Kila mpira wa Evode ukija, aliukimbia. Mama wa kipa huyo, aliyekuwa pembeni ya uwanja, alikuwa akiomba kwa sauti: "Uache uingie, mutoto wangu. Uache tu."

Mwamuzi akapuliza mwisho. Watu wakaanza kutawanyika. Evode aliendelea kukimbia.

Alikimbia peke yake, bila mpira, kutoka goli mpaka goli. Watu hawakugeuka kumtazama. Walikuwa wamezoea, au walikuwa wanaogopa. Wenyewe walisema ana bidii ya mazoezi.

Nyiramana alirudi kwa Colette akitembea kama mlevi. Alimkuta ameketi kando ya jiko, anamkanda Émile miguu.

"Ule mushambuliaji," Nyiramana akasema, "ni wangu. Nilimuzaa mimi. Na alikufa. Nilimunyima mukaa yake."

Akaeleza yote, mpaka koa la mgomba. Nyiramana aliogopa atapigwa, na angekubali kupigwa. Lakini Colette aliingiza mkono kwenye majivu, mkono mtupu, akatoa kipande cha mkaa uliozimika, akamwekea kiganjani.

"Mama," akasema polepole, "mimi niko na mutoto moja tu."

Giza lilikuwa linaingia alipofika uwanjani. Hakuna mtu. Kutoka katikati ya tope ilikuja sauti moja.

Mguu mzito... mguu mwepesi.

Mzito... mwepesi.

Harufu ikamfikia kabla ya kumwona. Siagi. Siagi aliyompaka kwa mikono yake.

"Evode."

Sauti ikakoma.

"Mama? Umekuya kuniangalia?"

"Nimekuya."

"Sikukuona mu bantu." Alikuwa amesimama karibu, uso wake mweupe kwa baridi, na bado mzuri. "Mama, arbitre hapige firimbi. Niko nangoja. Bengine banaenda kwao, mimi hapana. Niko nachoka sana."

"Najua."

"Na musumari haujatoka."

Akapiga magoti topeni, akaushika mguu wa kushoto. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Baridi ikampanda mpaka kwenye viwiko, lakini hakuuachia. Miezi mitano alikuwa anautamani mguu ule. Wazo likamjia, na ni wazo la kutisha kuliko mzimu wenyewe: amwache. Aje kila Jumapili kumtazama. Watoto wa wengine ni wa wengine.

Kisha akazikumbuka zile pumzi zinazopita kwenye meno.

"Fungua mukono, mutoto wangu."

Evode akafungua. Koa la mgomba lilikuwa bado kiganjani, bichi, kana kwamba limebanduliwa asubuhi ile.

"Hii ni yangu. Wewe njo ulinipa."

"Nilifanya kosa kukupa. Nirudishie."

Akamrudishia bila ubishi, kama alivyokuwa mtoto. Nyiramana akauweka mkaa mahali pake, akavifunga vile vidole kimoja kimoja. Akainuka. Maneno yale lazima yasemwe mara tatu, na lazima umtazame usoni.

"Sikukuzaa."

"Mama?"

"Sikukuzaa. Sikukunyonyesha. Usirudi kuniuliza kitu."

"Mama, nimefanya nini?"

Nyiramana aliuma ulimi mpaka damu ikatoka, ndipo akapata nguvu.

"Sikukuzaa."

Upepo haukuvuma. Radi haikupiga. Pale Evode alipokuwa amesimama palibaki tope, na kwenye tope, kwa mara ya kwanza, alama mbili za nyayo. Zikajaa maji polepole.

Usiku ule Émile alifungua kinywa, akaomba uji. Infirmier alisema sindano zake zimefanya kazi, na labda kweli. Colette alimshika Nyiramana mikono, akalia kwa furaha, na Nyiramana akalia pamoja naye, kila mmoja kilio chake. Mgodini walisema Evode hatimaye amekwenda Bukavu. Wengine waliapa kwamba wamesikia jina lake likitangazwa huko. Hata leo hakuna anayeweza kuwabishia.

Mwaka uliofuata karani wa teritware, ofisi ya serikali, alipanda Bihambwe kuandika watu. Aliweka meza yake mbele ya nyumba ya chifu, saa tano mchana, jua kali, mstari mrefu. Nyiramana alipofika mezani alikuwa wa mwisho. Wengine wote walikuwa wameshaandikwa na kwenda zao.

"Jina?"

"Nyiramana."

"Watoto?"

"Mukashema, ameolewa Kirolirwe. Hakorimana, iko Rubaya."

"Ni bawili tu? Hakuna mwenye alikufa?"

Alitaka kulitaja jina la Evode. Lakini neno likitamkwa mara tatu halirudi kinywani.

"Hapana. Bawili."

Karani akaandika. Alichovya kalamu wino, akainua macho, akatazama juu ya bega la Nyiramana, pale nyuma ambapo hapakuwa tena na mstari.

"Na huyu kijana nyuma yako? Anakuita mama. Iko wa kwako?"

Harufu ya siagi ilikuwa imeshamfikia.

Nyiramana hakugeuka, maana akimkubali tu, zile pumzi za kwenye meno zingeanza tena. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Simujui," akasema.