Vumbi la Sufi

Asubuhi za Felista zilianza na sufi. Akishafagia uwanja na kuinjika chai, alikaa barazani na gunia mbele yake, akichomoa mbegu nyeusi moja moja kutoka kwenye nyuzi laini nyeupe zinazojaziwa mito. Mbegu alizitia kwenye kopo. Sufi safi aliisogeza kwa baba yake, Benedikto, ambaye alikaa mkekani akishindilia mito na kuishona midomo kwa sindano ndefu. Ikifika saa mbili, baba na binti walikuwa na nywele nyeupe kama wazee wa miaka themanini.

Felista alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Watoto wa mtaa wa Mwembesongo walipita mbele ya baraza wakiwa na sare na mikoba, naye aliwatazama mpaka wakapinda kona. Ilikuwa wiki ya tatu tangu wafike Morogoro, na huu ulikuwa mji wa tatu katika mwaka mmoja.

Kwao kulikuwa kijiji kimoja cha Mpwapwa. Mwaka ule mvua ilikatika mapema, mahindi yakakauka yakiwa yanafika magotini. Mama alikuwa mjamzito, akabaki kwa bibi. Baba alimchukua Felista, akaahidi, "Nikipata mji wa kutupokea, nitawaita." Walikaa Dodoma miezi mitatu, kisha Gairo miezi mitatu mingine. Mdogo wake Felista, Emmanuel, alizaliwa wakiwa huko, na mpaka leo baba alikuwa amemwona kwenye picha ya simu tu.

Sababu ya kuhamahama Felista aliijua vizuri. Walipokuwa Dodoma baba alikohoa mwezi mzima. Alipopimwa makohozi, akaambiwa ana kifua kikuu. Nesi aliwakalisha wote wawili kwenye benchi, akawaeleza kwamba dawa zake ni za bure, na zinamezwa kila siku kwa miezi sita bila kuruka, hata kama kikohozi kimekwisha. Akamwambia Felista, "Ugonjwa huu unasafiri kwa hewa, mtu anapokohoa karibu na wenzake. Wewe uwe askari wa baba yako."

Lakini wapangaji wenzao walipoziona zile dawa, walianza kuanika nguo zao mbali, wakahamisha na ndoo zao. Hatimaye mwenye nyumba akawapa siku tatu wawe wameondoka. Wakati huo baba alikuwa amemeza dawa kwa miezi miwili na nguvu zimemrudia. Walipanda basi la Gairo bila kumuaga nesi, wala kuomba barua ya kuhamishiwa kliniki nyingine.

"Nimeshapona," baba alisema.

Walipokuwa Gairo kikohozi kilirudi. Watu walipoanza kuuliza maswali, wakafunga mizigo tena kabla hawajafukuzwa. Ndani ya basi la kuja Morogoro, baba alimwinamia Felista sikioni. "Wakikuuliza, sema ni vumbi la sufi. Kwani sufi haina vumbi?"

"Inalo, baba," Felista alijibu.

Mwenye nyumba wao hapa Morogoro aliitwa Bi Mwaisha. Alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Mkuyuni, na kazi yake ilikuwa kuuza magimbi ya kuchemsha sokoni. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa miaka miwili, Abdulatif. Asubuhi aliposhughulika na sufuria zake, mtoto alikimbilia mkeka wa Benedikto, akajipenyeza mapajani kwake na kurusha sufi hewani kwa viganja viwili. Benedikto hakumkataza. Alimwangalia mtoto yule kama mtu anayemwangalia mtoto mwingine aliye mbali.

Siku moja Bi Mwaisha alimwita Felista jikoni. "Mjukuu wangu, hiki kikohozi cha baba yako ni cha siku nyingi?"

"Ni vumbi la sufi, bibi."

"Ala! Maskini. Kazi nyingine zinatesa."

Kesho yake Bi Mwaisha alikata kanga yake ya zamani, akaipinda na kuitia kamba. "Mpe baba yako ajifunge puani akiwa kazini." Felista aliipokea kwa mikono miwili, lakini alishindwa kumtazama usoni.

Wema wa mama huyo haukuishia hapo. Alikwenda mwenyewe shuleni kuzungumza na mwalimu mkuu, akarudi na habari kwamba Felista ataanza darasa la sita Jumatatu. Na mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba cha pili alipohama, Bi Mwaisha alisimama mbele ya mkeka wa Benedikto, mikono kiunoni.

"Baba Felista, mtoto ana miezi mitatu na baba yake hajamshika? Chukua na kile chumba. Mwite mama yake."

Benedikto alipiga simu palepale. Sauti ya mama ilisikika mpaka barazani, ikisema atapanda basi Jumamosi. Benedikto alicheka kwa furaha, kicheko kikageuka kikohozi, akageuza uso haraka ili asimkoholee Abdulatif aliyekuwa mapajani. Aliziba mdomo kwa kitambaa. Alipokiondoa, Felista aliona doa jekundu. Baba alikikunja upesi na kukitia mfukoni.

Jioni Felista alipokuwa anafua, alikiweka kitambaa kile mbele ya baba yake. "Baba, hii ni damu."

"Nimejing'ata ulimi."

"Twende kliniki, baba. Nesi alisema..."

"Nesi hakutolewa vyombo nje!" Baba alisema kwa ukali, kisha akashusha sauti. "Felista, mama yako yuko njiani kuja. Nimwambie nini? Usije, hatuna pa kukaa? Nitakwenda kliniki wakishafika. Nitakwenda."

Neno hilo "nitakwenda" alikuwa akilisikia tangu Gairo.

Ilipofika Alhamisi, Bi Mwaisha aliwahi kurudi kutoka sokoni, akaingia jikoni kumenya magimbi ya kesho. Barazani Abdulatif alikuwa amelala mapajani kwa Benedikto, kichwa kifuani. Benedikto alikohoa, akajaribu kujizuia, akakohoa tena juu ya nywele za mtoto. Felista aliacha kuchambua sufi. Alimfikiria Emmanuel. Keshokutwa angefika na kulazwa kwenye kitanda kimoja na baba, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu.

Akainuka, akaenda jikoni.

"Bibi, nilikudanganya."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu. Kikohozi cha baba si cha vumbi. Ni kifua kikuu. Alianza dawa Dodoma, akaziacha. Ametoa damu. Na Abdulatif anakaa naye kila siku." Machozi yalimtoka. "Najua utatufukuza, bibi. Lakini mdogo wangu anakuja Jumamosi."

Bi Mwaisha aliweka kisu chini. Alitoka jikoni moja kwa moja hadi barazani, akamnyakua mjukuu wake mapajani kwa Benedikto, akamfunga mgongoni na kutoka nje ya uzio. Hata viatu hakuvaa vizuri.

Benedikto aliutazama mlango wa uzio, kisha akamtazama binti yake. "Umemwambia?"

"Ndiyo, baba."

Felista alingojea agombezwe. Baba hakumgombeza. Aliuchukua mto aliokuwa anaushona, akaumalizia mdomo wake taratibu, akakata uzi kwa meno. Halafu akaanza kukunja mkeka. Felista alijiona mwenye hatia kuliko kama angepigwa. Akaingia chumbani kumsaidia kufunga mizigo.

Bi Mwaisha alirudi alasiri. Hakuwa peke yake. Alikuwa amefuatana na kijana aliyebeba mkoba, Bwana Salehe, mhudumu wa afya wa mtaa. Bi Mwaisha aliiona mizigo barazani.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunaondoka, mama," Benedikto alisema, macho chini. "Sitaki kukuletea balaa nyumbani kwako."

"Nimekuuliza, mnakwenda wapi?"

"Labda Kilosa."

"Kwani Kilosa hakuna watoto?"

Benedikto aliuweka chini mzigo aliokuwa ameushika.

"Nimekasirika, Baba Felista, sikufichi," Bi Mwaisha aliendelea. "Wiki tatu nimekuachia mjukuu wangu, na wewe unajua! Nimetoka hapa na nia ya kumwita mjumbe akutoe leo hii. Nimefika pale kisimani nikasimama. Nikamfikiria huyu binti. Amekuja jikoni kwangu akijua kwamba akisema atalala nje, na bado akasema. Nikajiuliza, mimi mtu mzima nitamlipa nini kwa ukweli wake? Ndipo nikageuza njia, nikaenda kwa Salehe."

Bwana Salehe alikaa kwenye ukingo wa baraza. Alizungumza kwa upole. "Mzee, wewe si wa kwanza. Dawa ukiziacha katikati, vijidudu vinaweza kuwa sugu, na hapo matibabu yanakuwa marefu na magumu zaidi. Kesho asubuhi nakupeleka kliniki mwenyewe. Sote tutakwenda, mtoto na binti pia wapimwe. Ukikubali, hakuna atakayekutoa hapa."

Benedikto alijifunika uso kwa mikono yake iliyojaa sufi. Alipoiondoa, alichukua simu, akampigia mkewe. Alimweleza yote yeye mwenyewe, bila kuficha doa la damu. Kisha mama akasema, akilia, "Basi lipo kila siku, Benedikto. Meza dawa. Nitakuja nikiambiwa na daktari, si na wewe."

Kesho yake kliniki iliwapokea. Nesi mmoja, Sista Doreen, aliwasiliana na kliniki ya Dodoma kupata kumbukumbu za Benedikto, akampima upya. Bahati ilikuwa upande wao, kwani vijidudu vilikuwa havijawa sugu. Akaanzishiwa dawa tangu mwanzo. Felista alikutwa mzima. Abdulatif pia hakuwa na ugonjwa, lakini kwa kuwa ni mdogo, alipewa dawa za kinga. Bi Mwaisha aliposikia hivyo, alikaa kwenye benchi la korido na kuvuta pumzi ndefu.

Maisha ya pale nyumbani yalibadilika. Benedikto alilala peke yake kwenye chumba cha pili, madirisha wazi, naye chini ya chandarua, na Felista akahamia kwa Bi Mwaisha. Mito ilishonwa nje uwanjani, mbali na watoto. Kwa siku nyingi Bi Mwaisha alimsalimu Benedikto kwa ufupi tu. Hata hivyo, kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alisimama mbele yake na kikombe cha maji mpaka ameze dawa zote. Jirani mmoja aliponong'ona kwamba nyumba ile ina ugonjwa, alimjibu kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu anatibiwa, namwona kwa macho yangu. Na wewe, hicho kikohozi chako umekipima lini?"

Jumatatu Felista alianza shule. Alikuwa nyuma sana katika hisabati, akalazimika kubaki darasani kila mchana kufanya mazoezi. Hakulalamika.

Mwezi wa tatu wa matibabu, Sista Doreen alipothibitisha kwa vipimo kwamba Benedikto haambukizi tena, mama alikuja. Felista na baba walikwenda kumpokea stendi ya Msamvu. Mtoto Emmanuel alipopewa baba yake alilia kwa nguvu zote, akamnyooshea mama mikono. Benedikto alicheka huku machozi yanamtiririka. "Ana haki," alisema. "Hanijui." Ilichukua wiki nzima kabla mtoto hajakubali kubebwa naye.

Siku Benedikto alipomaliza dawa na kadi yake kuandikwa kwamba amepona, alimwomba Felista watembee kwa miguu kutoka kliniki. Walipita barabara yenye miti, milima ya Uluguru ikiwa imefunikwa na mawingu.

"Felista," baba alisema, "mimi ndiye niliyekufundisha uongo. Kosa lile lilikuwa langu, nawe umelirekebisha. Nilidhani natafuta mji ambao watu hawatajua habari zangu. Tukazunguka mji hadi mji, kumbe ugonjwa tunapanda nao basi. Mahali pa kukaa tumepapata siku ile ulipokwenda jikoni kwa Bi Mwaisha." Alisimama, akamtazama. "Likumbuke hili utakapokuwa mtu mzima. Ugonjwa ukisemwa unatibiwa. Ukifichwa, unawafikia wale unaowapenda. Na dawa ukizianza, zimalize. Uwaambie na wenzako shuleni."

"Nimeshawaambia, baba. Mwalimu wa sayansi alinisimamisha mbele ya darasa."

"Uliwaambia aliyeumwa ni nani?"

"Niliwaambia ni baba yangu."

Benedikto akamshika bega binti yake.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri sana."