Mke wa Korbinian Haselried

"Mke wa Korbinian Haselried ni nani hapa?"

"Mimi!" Nikaruka kwenye kiti.

"Mimi!" Sauti nyingine ikajibu nyuma yangu.

Jamani...

Nikageuka. Mwanamke mrefu, koti jekundu la mvua, nywele zimelowa, kadi ya bima mkononi. Kasimama kama nilivyosimama mimi. Macho yamemvimba kama yalivyonivimba mimi.

Nesi akatuangalia mmoja mmoja.

"Namuita mke wa Korbinian Haselried," akasema taratibu. "Wa kijiji cha Haselried."

"Ndiyo mimi!" tukasema kwa pamoja.

Pale ukumbini hospitali mzee mmoja mwenye bendeji kichwani akaacha kutafuna mkate wake.

Ngoja kwanza niwaeleze mimi ni nani, maana najua wengine mmeshaanza kunihukumu.

Naitwa Irmengard. Nyumbani wananiita Irmi. Kijiji chetu ni Haselried, upande wa Bavaria, na ukoo nilioolewa nao unaitwa Haselried vilevile. Kwetu hilo si ajabu. Ukiita "Haselried!" kanisani, nusu ya watu watageuka.

Tena ng'ambo ya mlima, upande wa Austria, kuna Haselried nyingine. Nayo ina kanisa lake, ina kilabu chake cha bia, ina watu wake wanaoitwa Haselried. Mpeleka barua wetu alishazoea kututukana.

Mume wangu Korbinian alikuwa seremala. Mpole. Mtu wa kuimba akipiga randa. Alirithi karakana ya baba yake, na alirithi hata jina, kwa sababu baba mkwe naye aliitwa Korbinian. Mama mkwe, Kreszentia, tuliishi naye nyumba moja, yeye ghorofa ya juu.

Sasa sikilizeni. Tangu baba mkwe afariki, mume wangu akaanza safari za Jumamosi.

"Naenda kuangalia mbao," anasema.

Mbao gani kila Jumamosi?

Anarudi jioni amechangamka, ananukia moshi wa jiko lisilo langu. Siku moja akarudi na kipande cha keki ya tufaha kwenye karatasi. Imeokwa vizuri kuliko yangu, na kwa mkono wa mwanamke!

"Nani kakupa?"

"Wenye mbao."

"Wenye mbao wanaoka keki?"

Akacheka, akanibusu paji la uso. "Irmi wangu, ipo siku nitakueleza. Nivumilie."

Ipo siku... Mwanamke gani analala vizuri baada ya neno hilo?

Haya. Asubuhi ile, Jumamosi ileile ya mbao, simu ikalia. Gari limeteleza kwenye kona za mlimani, limegongana na lori la magogo. Korbinian Haselried yuko hospitali, njooni haraka.

Nikamchukua mama mkwe, nikaendesha. Yeye kando yangu anavuta rozari, hasemi neno.

Ndipo tukafika pale kwenye ule ukumbi. Ndipo nesi akaita.

"Subirini kidogo," nesi akasema. Alionekana amechoka, watu wamejaa, mvua imeangusha wengi siku hiyo. Akaiona kadi mikononi mwa yule mwenzangu. "Wewe una kadi yake? Njoo tuandikishe kwanza."

Yule mwanamke akainama kuchukua mkoba wake. Simu yake ikawaka mkononi.

Nikaiona ile picha kwenye kioo.

Mume wangu! Korbi wangu, na sweta la kijani nililomfuma mimi kwa mikono yangu hii! Anacheka mdomo wazi, na mabegani amembeba binti mdogo mwenye kidevu chake. Kidevu kilekile chenye kishimo katikati!

Nikakaa.

Yule mwanamke akaingia ndani na nesi. Mlango ukafungwa.

Nikamgeukia mama mkwe. Nilitegemea ashangae kama mimi. Nilitegemea aseme, "Huyu kichaa katoka wapi?"

Alikuwa anaangalia sakafu.

"Mama... unamjua yule?"

Akasogeza punje nyingine ya rozari.

"Mama!"

"Namjua," akasema.

"Ni nani?"

Akasema neno ambalo nitazikwa nalo:

"Ni mke wa Korbinian."



"Wa... tangu lini?"

"Siku nyingi. Kabla hujaja kwetu."

"Na yule mtoto?"

"Ni wa Korbinian."

"Na wewe ulijua? Miaka yote hii unakula mezani kwangu, unajua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?!"

"Ni aibu, Irmi. Aibu ya nyumba yetu." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. "Nenda nyumbani, mwanangu. Upumzike. Usigombane na mtu hapa mbele za watu. Mimi nitabaki naye."

Nitabaki naye! Alivyosema kwa upole, ungedhani ananihurumia.

Nikasimama. Nikaanza kuondoka. Nilikuwa nimefika mlango wa nje nikasikia viatu vinakimbia nyuma yangu. Nesi mwingine, kijana, anahema.

"Bibi Haselried! Bibi Irmi ndiye wewe? Mumeo anakuita. Anataja jina lako tu. Madaktari wanataka umuone kabla hawajampeleka kwenye upasuaji."

Wasomaji wangu, nilimuangalia yule dada wa watu usoni, nikamjibu:

"Mwambie mke wake yuko naye humo ndani."

Nikaingia kwenye gari. Nikazima simu.

Nyumbani sikulia. Nilitoa nguo zake kabatini, mashati, suruali za kazi, soksi, nikazitupa zote uani kwenye matope. Jirani yetu akachungulia ukutani.

"Irmi, kuna nini?"

"Nafanya usafi!"

Mchana ule ukapita. Mama mkwe hakurudi. Jioni akaletwa na gari la polisi, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akapanda ngazi kwenda kwake, akafunga mlango. Mimi kwa kiburi changu sikumuuliza kitu. Nilisema moyoni, kama amepona, amepona kwa mke wake.

Kumbe polisi alikuwa na habari ya kunipa. Mama mkwe alimwambia getini, "Nitamwambia mwenyewe." Polisi akavua kofia, akaondoka zake.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, mlango ukagongwa.

Koti jekundu!

"Una ujasiri gani wa kuja hapa?" nikafoka. "Umekuja kuchukua na karakana?"

Yule mwanamke alikuwa kama mtu asiyelala siku nyingi. Amemshika mkono binti yake, yule wa kwenye picha.

Mtoto ndiye aliyesema. Akanitazama kwa macho ya Korbi wangu, akauliza:

"Mama, huyu ndiye mke wa baba mdogo?"

...

Baba mdogo?

"Umesema nini, mwanangu?"

"Baba mdogo Korbi. Baba yangu ni Korbi mkubwa. Baba mdogo alisema unajua kufuma, na mimi utanifumia sweta."

Nilishika fremu ya mlango.

"Dada Irmi," yule mwanamke akasema, sauti imepasuka. "Naitwa Notburga. Natoka Haselried ya ng'ambo. Mume wangu ni kaka wa mumeo. Baba mmoja. Hakukuambia kweli?"

Nilitikisa kichwa.

Akanieleza palepale mlangoni. Baba mkwe, kabla hajamuoa Kreszentia, alikuwa anavuka mlima kuuza milango na madirisha. Akazaa mtoto kule. Mama wa mtoto akampa jina la baba, jina lote, kama desturi ya kwao kwa mtoto wa kwanza. Baba akamkubali mtoto kimyakimya, akampa na ukoo. Halafu akarudi huku, akaoa, akapata mtoto wa kiume, na Kreszentia naye akataka wa kwake aitwe jina la baba. Aliijua habari ya yule wa ng'ambo. Akasema kwake, wa kweli ni mmoja tu.

Siku ya mazishi ya baba mkwe, Notburga na mumewe walikuja. Mama mkwe aliwafukuza kwenye geti la makaburi. Mume wangu aliona. Akafuatilia. Akampata kaka yake, na Jumamosi zikaanza.

"Alitaka kukuambia siku nyingi," Notburga akasema. "Mama yake alimwapisha. Alimwambia, 'Ngoja nife kwanza, ndipo useme.' Korbi alikuwa anasema, 'Mama ni mzee, siwezi kumvunja moyo.'"

"Na ile picha kwenye simu yako?"

"Sikukuu ya kuzaliwa ya Mena, binti yangu huyu. Aliyepiga ni baba yake."

Aliyepiga ni baba yake!

"Jana walikuwa gari moja. Wanakuja huku. Korbi alisema imetosha, leo lazima Irmi amjue kaka. Pale hospitali majina yakawachanganya, wakadhani ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili. Wangu kavunjika miguu. Nikatoka kukutafuta nikuambie, nikaambiwa umeondoka. Nikampigia mama mkwe wako magoti, nikamwambia mwite arudi. Akasema simu yako haipatikani."

"Korbi wangu yuko wapi sasa?" nikauliza. "Wodi gani? Navaa viatu, twende!"

Notburga akanikodolea macho. Akaangalia juu, kwenye dirisha la mama mkwe. Pazia likatikisika.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Hajakuambia..."

Sitawaelezea nilivyolia. Jirani anasema alidhani ng'ombe amenasa kwenye waya.

Alikufa mchana, kabla hawajampeleka kwenye upasuaji. Aliyemshika mkono ni Notburga. Mama yake alisimama mlangoni mwa chumba, akashindwa kuingia.

"Aliniulizia?" nikauliza.

"Mpaka mwisho."

"Na yule nesi... alimpa ujumbe wangu?"

Notburga akamvuta Mena karibu yake.

"Nilimzuia mlangoni. Mimi nilimwambia Korbi uko njiani. Nilimwambia mvua imekuchelewesha. Akasema, 'Aendeshe polepole.'"

Wapendwa, mimi nimedanganywa kwa maneno ya kweli matupu. Mke wa Korbinian, kweli. Mtoto wa Korbinian, kweli. Hakuna hata moja la uongo alilosema yule bibi! Na huyu mgeni niliyemfokea mlangoni ndiye aliyemdanganya mume wangu, na kwa uongo ule alikufa akinisubiri kwa amani.

Nilipanda ngazi. Sikugonga.

"Kwa nini?" nikamuuliza mama mkwe.

Alikuwa kitandani amevaa nguo nyeusi, na viatu.

"Nilidhani atapona," akasema. "Nilidhani akipona atakueleza mwenyewe, nanyi mtapatana. Watu walikuwa wengi pale, Irmi. Ningesemaje mbele yao kwamba mume wangu..."

"Kwa hiyo bora wangu ndiye awe mzinzi?"

Akageuza uso ukutani.

"Mumeo ameshakufa, Mama! Kinachoogopwa ni nini? Umemtoa mwanao kafara ili marehemu aonekane mtakatifu!"

Akajifunika shuka uso.

Siku ya mazishi, kaka yake Korbi aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, miguu yote miwili kwenye plasta. Mama mkwe akamwambia mzee wa kanisa, kwa sauti ya chini lakini niliisikia, "Wale wakae nje."

Nikatoka nje mwenyewe. Nikashika kile kiti, nikakisukuma katikati ya kanisa mpaka mbele, benchi la familia. Minong'ono ikapanda kama nyuki.

"Sikilizeni," nikasema. "Huyu ni Korbinian Haselried. Ni mtoto wa kwanza wa Korbinian Haselried, fundi aliyewatengenezea milango yenu. Mwenye swali aniulize mimi."

Mama mkwe akainuka, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakumzika mwanawe.

Padri alipotamka jina la marehemu, nilimuona shemeji yangu akishtuka na kushika mkono wa mkewe. Mtu anasikia jina lake lote, na la kijiji chake, likiteremshwa shimoni.

Mpaka leo naishi na mama mkwe nyumba moja. Sijamfukuza. Namlipia kuni, namnunulia dawa. Kusema naye ndiko sikuwezi.

Juzi alinisimamisha kwenye ngazi. Amekonda, anatembelea fimbo.

"Irmi, mimi sina mtu tena. Siku nikifa, nani atabeba jeneza langu?"

"Korbinian," nikamjibu.

"Korbinian yuko makaburini, mwanangu."

"Yuko mwingine, Mama. Uzuri miguu yake imepona."

Akageuka, akaanza kupanda ngazi moja moja, na mimi sikumpa mkono.

Ndugu zangu mnaonisoma, sina busara nyingi za kuwapa. Ukiona kitu kimekuchoma moyo, mwenye jibu ni yule aliye kitandani, si aliyekaa pembeni yako ukumbini. Ingia chumbani. Ingia hata kama unaingia kumtukana! Mimi ningeingia kumtukana, ningemkuta hai.

Na wewe unayeficha aibu ya mtu aliyekwisha kufa, jiulize kwanza ni nani aliye hai anayeilipia.