Mpenzi Asiyekanyaga Kitaluni

Duka la simu lilikuwa limefurika watu. Binti muuza miche, ndani ya gauni la njano, akajipenyeza hadi kaunta na kuweka simu iliyojaa udongo. Fundi akaitazama, akarudi nyuma, akamwachia mwenzake aisafishe.

"Mbona unaiogopa? Inang'ata?"

"Simu haing'ati. Mwenye simu ndiye sijui."

Binti akacheka mpaka foleni nzima ikageuka. Jioni fundi akampigia kuuliza kama simu inafanya kazi. Ilifanya kazi sana! Muda si muda wakawa wanaitana "roho yangu".

Ila kila alipoalikwa kitaluni, fundi alikuwa na udhuru. Aliposhindwa kufika pale hata kumwona mama wa binti, binti akawaka.

"Unaona haya kucha zangu zina udongo. Sema tu!"

"Sivyo, mpenzi..."

"Usinipigie tena!"

Fundi akadhoofu kwa mawazo. Jumamosi akavaa shati jeupe na barakoa, akaenda. Binti alikuwa anageuza lundo la mboji, vumbi la majani yaliyooza likimzunguka, simu ikaita.

"Wifi, mimi ni dada yake fundi. Yuko njiani kuja kwako. Asiingie! Hilo vumbi litamuua!"

Binti akatupa koleo, mbio! Fundi alikuwa ameshashika geti.

"Achia! Vuka barabara, nakupigia!"

Wakatazamana ng'ambo kwa ng'ambo, simu masikioni.

"Nilirithi ugonjwa kwa mama," fundi akasema. "Chembe nyeupe za damu yangu zinameza vijidudu, ila haziwezi kuviua. Mwili unavizingira kwa vinundu, mara mapafuni, mara kwenye ini. Nakunywa dawa kila siku, na kuvu wa mboji ndio adui yangu mkubwa."

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utanihurumia badala ya kunipenda."

"Mjinga wewe! Nimelia mpaka macho yamevimba!"

"Kuna jingine. Nikizaa wavulana, hawatarithi kwangu. Mabinti wote wataibeba kasoro hii, na wanaweza kuwapa watoto wao."

Lori likapita katikati yao. Lilipoondoka, fundi alimwona binti akijifuta machozi, huku akicheka.

"Umeshafika kwa wajukuu, na hata kuniposa hujaniposa!"

Fundi akashusha simu, akavua barakoa. "Nikuoe? Utakubali?" akapaza sauti, wapita njia wakasimama.

"Nimekubali! Baki hapo hapo, nina mboji mpaka masikioni. Naoga, nabadili nguo, nakuja unikumbatie!"

Akatimua mbio kuelekea bafuni, huku nyuma watu wakimpigia fundi makofi.