Ngonjera Iliyokataa Kwisha

Kila asubuhi kabla ya shule, Ng'washi alimsaidia baba yake, mzee Makoye, kukamua ng'ombe, kisha akapeleka maziwa kwa Nesi Sifaeli wa zahanati. Njiani alipita kwenye nguzo za umeme. Zilisimikwa yeye akiwa darasa la tatu. Sasa yuko la sita, na mpaka leo kazi ya nguzo zile ni mbuzi kujikunia migongo. Nyaya? Thubutu! Hata kipande cha kufungia mlango wa banda hakikuletwa.

Kijiji chao kiko mbele kidogo ya mashamba ya mpunga ya Madibira. Kiangazi wakulima huambiwa wafunge mifereji ili maji ya mto yafike kwenye mitambo ya umeme huko mbali, nao hufunga. Redioni, kila kukicha wimbo ni uleule: taifa litajitegemea kwa nishati, kwa gesi yetu, makaa yetu ya mawe na maji yetu wenyewe.

"Maji yetu yanawasha taa za watu," mzee Makoye alizoea kusema. "Sisi tunawasha kibatari."

Basi ikasikika kwamba Mheshimiwa mmoja anakuja kutoka Mbeya kueleza mpango huo. Mwalimu Kalinga akatunga ngonjera ya kumpokea. Mnazijua ngonjera: wawili hubishana, mmoja ana shaka na mwingine anajua, na mwishoni mwenye shaka lazima asalimu amri. Lugano alipewa sehemu ya mjuaji. Ng'washi, mwenye sauti ya kusikika hadi mtoni, alipewa shaka. Ubeti wake wa mwisho ulianza hivi:

*Nimekubali hakika, giza limetukimbia,*
*Nchi yetu imewaka, nishati yajipatia.*

Aliukariri vizuri tu, mpaka siku moja kabla ya ugeni. Alipofika zahanati na maziwa alimkuta mama yake, mjamzito wa miezi minane, amekuja kliniki.

"Mama Ng'washi, siku ukija kujifungua uje na tochi yenye betri mpya," Nesi Sifaeli alimwambia. "Juzi juzi nimezalisha mtu usiku huku nimeiuma simu kwa meno inimulikie. Ikanidondoka, damu nyingi, sioni kitu!"

"Alipona?" Ng'washi aliuliza.

"Alipona kwa neema ya Mungu. Wa kesho simjui." Nesi akashusha pumzi. "Nasikia huyo mgeni wenu anatafuta pia vijiji ambavyo bado viko gizani. Mkimwimbia kwamba giza limekimbia, ataamini, na nyaya zitapelekwa kwingine."

Ng'washi alimtazama mama yake. Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Kalinga.

"Shikamoo, Mwalimu. Ule ubeti wa mwisho si kweli."

"Marahaba. Ni shairi tu, Ng'washi. Mgeni hapokelewi kwa malalamiko."

"Lakini Mwalimu, ukisema uongo kwa vina unakuwa kweli?"

"Nenda kafanye mazoezi!" Mwalimu alifoka, ingawa hakumtazama usoni.

Siku ikafika. Mheshimiwa aliketi kwenye kiti cha sofa kilichoazimwa, pembeni yake Mwenyekiti wa kijiji, mzee Gideoni. Pilau ilikuwa ikinukia nyuma ya madarasa. Lugano alimwaga beti zake kwa mbwembwe, akatanua mikono, akauliza: "Ewe mwenye shaka, sasa wasemaje?"

Ng'washi alifungua kinywa. Akamwona mama yake kwenye mkeka, ameshika kiuno.

"Sijakubali."

Maskini Lugano! Alidhani mwenzake amesahau. "Ni-me-ku-ba-li!" akamnong'oneza. "Sema nimekubali!"

"Sijasahau, Lugano. Sijakubali."

Mzee Gideoni aliruka kama aliyekalia siafu. "Huyu mtoto amepigwa na jua! Mwondoeni!"

"Mwache aseme," Mheshimiwa alisema.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Ng'washi alisema. "Nguzo hizo unazoziona hazina waya hata mmoja. Wanawake wanazalia kwenye mwanga wa simu, na mama yangu atazalia hapo hapo. Nikikubali leo, nitakuwa nimemdanganya yeye kwanza, halafu wewe."

Mheshimiwa alitabasamu. "Vumilia, binti yangu. Umeme unakuja."

"Lini?"

Nesi Sifaeli akasimama. "Lini, Mheshimiwa?" Mzee Makoye naye, "Lini?" Mwenyekiti akakimbilia kutangaza chakula. Jamani, pilau ile ilivyonukia! Lakini hakuna aliyeinuka, si mzee wala mtoto. Walikaa palepale na njaa zao, wakimtazama mgeni.

Mheshimiwa aliteta na mhandisi aliyekuja naye, kisha akasema mbele ya wote: "Kabla ya mavuno ya mpunga."

Mama Ng'washi hakuwa na nafasi ya kusubiri mavuno. Alijifungua mtoto wa kiume kwa tochi, Nesi akitokwa jasho, na wakamwita Seni. Mpunga ukaiva, nyaya hazionekani. Ndipo wanakijiji walipofunga safari hadi Mbeya, Mwalimu Kalinga, aliyekuwa amekiri kwamba ubeti wake ulikuwa uongo, akiwa mbele, wakaketi kwenye korido ya ofisi na kugoma kuondoka bila jibu. Gari la nyaya lilifika wavunaji wakiwa bado shambani. Siku chache baadaye, jioni taa ilipowaka zahanati, Nesi Sifaeli alilia waziwazi.

Kesho yake Mwalimu Kalinga alisimama mbele ya darasa.

"Wanangu, ahadi ni deni. Anayedaiwa hushukuriwa akishalipa, si kabla. Nanyi mkidai, semeni kweli, kwa adabu, bila kuinamisha macho. Taifa la kujitegemea huanza na watu wasiokubali kudanganywa, na wasiokubali kudanganya."

Ng'washi akanyoosha mkono. "Mwalimu, na lile bomba la kijiji lisilotoa maji?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Mgeni wa maji anakuja Ijumaa," alisema. "Kaa mbele."