Samaki Wanne katika Chupa ya Peremende

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 1974 ndiyo siku mambo yetu yalipoharibika. Asubuhi yake ilianza kama asubuhi nyingine. Binti yangu Hildegarda, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alifagia uwanja, akawatilia kuku maji, kisha akainama juu ya hodhi la saruji kuwapa samaki chembe za ugali. Hajanyanyuka, lori likasimama mbele ya nyumba. Wakashuka mgambo wawili. Walitupa saa moja tu ya kufungasha.

Tulikuwa tukikaa karibu na Chanzuru, bondeni, na maji ya mto Mkondoa hayakuwa mbali. Wakubwa walikuwa wameamua kwamba sote tuhamie kijiji kipya kando ya barabara ya Mikumi, tuishi pamoja, tupate shule, zahanati na maji ya bomba. Nani angekataa maneno mazuri namna hiyo? Hata hivyo hakuna aliyetuuliza.

Samaki wale walikuwa wanne. Hawakuwa wa kuliwa. Walikuwa samaki wa dhahabu, wekundu, matumbo mviringo kama malimau, na mikia mipana iliyokunjamana kama khanga ndani ya maji. Marehemu mke wangu, Agnesi, aliachiwa samaki hao na mke wa meneja Mgiriki wa shamba la mkonge alikokuwa akifanya kazi za ndani, siku wale Wagiriki walipoondoka. Agnesi aliwatunza miaka mitano. Alipougua yeye, gari la wakubwa halikuwa na petroli ya kumfikisha hospitali, ingawa jioni ileile lilipita likipeleka wageni kwenye karamu. Basi kwa Hildegarda, samaki wale ndio waliobaki wa mama yake.

Hodhi halingeweza kupakiwa kwenye lori. Nikamwambia, "Hilda, chukua lile pipa lililokatwa, tuwatie humo."

Lilikuwa pipa la mafuta, limepasuliwa kwa urefu, pana kama kihori. Lilikuwa na kutu nje, na kuku walikuwa wamelichafua. Hilda alilitazama, akatazama lori lililojaa majirani.

"Baba, pipa linavuja," akasema.

Nilikuwa nang'oa mlango, sikuwa na muda wa kwenda kuangalia. Nikamwamini. Yeye akaleta chupa kubwa ya kioo ya peremende, ile ambayo mwenye duka alimpa, akawatia samaki wote wanne ndani yake. Njia nzima aliipakata. Jua lilipoipiga, samaki waling'aa, na watu wote katika lori wakasahau vumbi wakawa wanamtazama yeye. Nilimwona akitabasamu. Tangu mama yake afe sikuwa nimeliona tabasamu lile.

Kule kijijini hatukukuta bomba. Tulikuta vigingi vilivyochomekwa kwenye majani makavu, kila kaya na kigingi chake, na kisima kimoja kwa nyumba mia mbili. Foleni ya ndoo ilianza kabla ya jogoo. Chakula kilikuwa ule unga wa njano wa msaada, ambao kila mtu aliuita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za timu hiyo, mahasimu wa Simba.

Siku ya tatu samaki walipanda juu wote, midomo nje ya maji, wakihema.

"Hilda, hebu tazama!" akasema Bibiana, mtoto wa jirani, aliyekuwa na ulimi mkali. "Hawa wekundu ni Simba, na wewe umewalisha Yanga. Ndiyo maana wanapumua kama babu yangu mwenye pumu!"

Watoto wakacheka. Hilda naye alicheka kidogo. Kesho yake alfajiri alimkuta mmoja ameelea ubavu, macho wazi, na maji ya chupa yamekuwa meupe kama ya mchele. Hapo hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Baba, lile pipa halikuwa linavuja."

"Unasemaje?"

"Halikuwa linavuja. Niliona aibu. Nilitaka watu wawaone samaki wa mama."

Nilinyanyua mkono. Kisha nikaushusha. Nimpige kwa kusema uongo mmoja, wakati mimi nimeambiwa uongo mwingi na watu wazima nikapanda lori bila kumnyanyulia mtu mkono?

Nilikwenda kwa Katibu wa kijiji. Bila barua yake huwezi kutoka, mgambo wangekurudisha.

"Ndugu Katibu, naomba ruhusa ya siku mbili. Kuna pipa langu lilibaki kule nyumbani."

"Nyumbani kwako ni hapa, Ndugu Onesphory. Pipa la nini?"

"La samaki. Wanakufa. Ni wa marehemu mke wangu."

Alicheka mpaka kalamu ikaanguka. "Watu hawana unga, wewe una samaki wa kutazama! Sikiliza. Kijiji hiki hakina samaki wa mtu binafsi. Tuna bwawa la ujamaa, lina perege, lina kambare. Watie humo wakae na wenzao. Samaki ni samaki."

"Lakini hawa ni wazito, Ndugu, hawajui kukimbia..."

"Unataka mgawo wako wa unga Ijumaa, au hutaki?"

Nikarudi kumwambia Hilda. Watoto mnaosoma haya mtasema, kwa nini hukubisha? Mngekuwa na mtoto mwenye njaa mngejua.

Jioni ile Hilda aliwabeba watatu waliobaki mpaka bwawani. Katibu alikuwepo, akasema maneno machache kuhusu umoja, na watu wakapiga makofi kwa sababu yeye alianza kupiga. Samaki wekundu walizama polepole katika maji ya matope. Perege wakawazunguka mara moja. Unga aliowatupia Hilda ulikwisha kabla wale wa dhahabu hawajageuza matumbo yao.

Asubuhi hatukuona ila wawili. Walikuwa ukingoni, wamejificha kwenye nyasi, na mkia wa mmoja ulikuwa umekatwakatwa. Wa tatu hakuonekana tena. Kambare mmoja aliinua sharubu zake juu ya maji, akazama.

Hilda alikaa chini palepale. Hakulia kwa sauti. Mimi nilisimama na jembe mkononi kama mtu aliyepewa jembe asilojua kazi yake.

Aliyetukuta hapo ni Mwalimu Lupakisyo, kijana kutoka milima ya Rungwe, aliyeletwa kufundisha shule isiyokuwa na paa bado.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Hilda bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Nani kawatia hawa humu?"

Hilda alimweleza yote, tangu pipa. Hakuficha neno. Mwalimu alivua viatu, akaingia na tenga la kubebea mkaa, na kwa kuwa samaki wale hawana mbio, aliwapata wote wawili kwa mkupuo mmoja.

Shuleni kulikuwa na pipa lililopasuliwa kama letu, la maji ya kufyatulia matofali. Mwalimu alisema wafyatuaji watatumia ndoo. Wanafunzi walilisugua kwa mchanga mpaka kutu ikatoka, wakaliweka chini ya kivuli cha ukuta. Kila mtoto alileta kikombe kimoja cha maji kutoka foleni ya nyumbani kwao, hata Bibiana. Yakaachwa yatulie mpaka kesho yake.

"Kwa nini tusijaze ile chupa tu, Mwalimu?" Bibiana aliuliza. "Chupa ni nzuri, unawaona pande zote."

"Wewe ungelala na ndugu zako watatu ndani ya sanduku la kioo, tuje tukutazame?"

"Labda mnilipe!"

Mwalimu alicheka, kisha akawaonyesha. Hewa huingia kwenye maji kwa juu, kwa hiyo chombo cha uso mpana ni bora kuliko kirefu chenye shingo nyembamba. Samaki hawa hula sana na huchafua sana. Pipa lile liliwatosha wawili, akasema, wanne lisingewafaa kwa muda mrefu. Hapo niliinamisha kichwa, maana nami nilikuwa nimedhani lingetosha. Kila siku tatu maji kidogo yatolewe, yatiwe mengine yaliyotulia. Yasibadilishwe yote kwa mara moja.

Kwa mimea, Bibiana alileta majani mororo kutoka mferejini, na samaki waliyatafuna yakaisha siku mbili. Safari ya pili Mwalimu alileta yungiyungi lenye mizizi migumu, wakaibana mizizi kwa kokoto ili isifukuliwe. Majani yake yakatandaza kivuli. Wenzao? Hapana perege, hapana kambare. "Mwendo mmoja, chakula kimoja," alisema Mwalimu. "Asiyeweza kukimbia usimweke na mwenye mbio, halafu ukamwita mvivu."

Wiki tatu zikapita. Mkia uliokatwa ukaanza kuota tena, mweupe pembeni. Siku hiyo Mwalimu alimwita Hilda mbele ya wenzake.

"Ulisema pipa linavuja. Ulikosea wapi?"

"Nilisema uongo, Mwalimu."

"Na kabla ya uongo?"

Hilda alifikiri. "Nilichagua chombo kwa ajili ya watu wa kwenye lori."

"Ndiyo. Chombo hakichaguliwi kwa macho ya anayetazama. Kinachaguliwa kwa pumzi ya anayekaa ndani. Ukitaka kuhamisha kiumbe chochote, pima maji kwanza, tazama chakula, wajue atakaoishi nao. Na ukikosea sema mapema, maana samaki hawawezi kungoja aibu yako iishe."

Mimi nilikuwa nimeleta ndoo yangu ya maji, nikayasikia yote.

Wakati huohuo Katibu aliingia na wageni watatu wenye viatu safi. Alikuwa akiwatembeza. Akalionyesha pipa kwa fimbo yake. "Na huu ni mradi wa samaki wa kijiji," akasema. "Tuliuanzisha sisi."

Wageni wakainama, wakasifu. Mmoja alimwuliza Hilda kama ana la kusema.

"Shikamooni," akasema Hilda. "Mwalimu ametufundisha tusihamishe samaki kabla ya kupima maji. Naomba kumwuliza Ndugu Katibu."

"Uliza, binti," akasema Katibu akitabasamu.

Nje, foleni ya ndoo ilikuwa imeupita ukuta wa shule, na kisima kilikuwa kikitoa tope tangu juzi.

"Sisi watu, kabla hatujaletwa hapa, nani alipima maji?"